Bahasha na Kadi

Agosti 1969, katika mtaa mmoja wa Los Angeles, mtu mmoja alimkabidhi sajini wa polisi bahasha iliyofungwa. Juu yake alikuwa ameandika kwamba ifunguliwe iwapo yeye atakufa. Mtu huyo aliitwa Julius Butler. Alikuwa msusi mwenye saluni yake, aliwahi kuwa naibu wa sherifu, na wakati huo alikuwa mwanachama wa chama cha Black Panther aliyekuwa amekosana na viongozi wenzake. Sajini hajakaa sawa na bahasha yake, makachero wa FBI wakamzukia wakitaka awape. Akawakatalia. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kijiweni angeuliza papo hapo: walijuaje?

Swali hilo lilikuja kujibiwa baada ya miaka mingi, na majibu yalitoka vipande vipande.

Ndani ya barua, katikati ya malalamiko ya vyeo na vitisho, Butler aliandika kuwa Elmer Pratt, ambaye chamani walimwita Geronimo, alimwambia kwamba ndiye aliyemuua mwalimu mmoja wa kike kwenye uwanja wa tenisi huko Santa Monica. Bahasha ilikaa kwa sajini miezi 14 bila kufunguliwa. Ilipofunguliwa, Oktoba 1970, ikawa nguzo ya kesi iliyomweka Pratt nyuma ya nondo kwa miaka 27. Sisi huku tunalo neno la jambo hili, wala halihitaji maelezo: alibambikiwa kesi. Tofauti ni kwamba kubambikiwa tulikokuzoea ni kwa papo kwa papo, msokoto wa bangi unatumbukizwa mfukoni, shauri limekwisha. Kubambikiwa kwa Pratt kulipangwa ofisini, kukapigwa chapa, kukatunzwa kwenye makabati. Na ni makabati hayohayo yaliyokuja kumtoa.

Pratt alizaliwa Septemba 1947 katika mji wa Morgan City, jimbo la Louisiana, kitindamimba katika familia ya watoto saba. Baba yake aliendesha maisha kwa biashara ya vyuma chakavu. Zamani hizo Louisiana ilikuwa na shule za Wazungu na shule za Weusi, milango ya Wazungu na milango ya Weusi, na Ku Klux Klan ilikuwa hai, si habari ya kusimuliwa. Kijana alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa Kimarekani shuleni, na alipomaliza, wazee wa mtaa wao wakamshauri aingie jeshini. Hawakumtuma kwa mapenzi ya bendera. Walitaka arudi anajua kulinda mtaa. Akaenda Vietnam mara mbili, akarudi akiwa sajini, kifua kimejaa medali, mgongo una majeraha ambayo hayakupona vizuri. Yakumbukwe majeraha hayo, kwa sababu yalikuja kumwokoa.

Mwaka 1968, mwaka aliouawa Martin Luther King, Pratt alifika Los Angeles akaanza masomo Chuo Kikuu cha California. Hapo akakutana na Bunchy Carter, aliyewahi kuwa kiongozi wa genge la mitaani kabla ya kuwa mkuu wa Panther kusini mwa California. Carter ndiye aliyempa jina la Geronimo, la yule shujaa wa Waapache. Baadaye Pratt mwenyewe akajiongezea "ji Jaga". Msomaji wa Kilimanjaro asikimbilie kusema huyu alikuwa Mchaga: Wajaga wanaokusudiwa ni wapiganaji wa Angola na Kongo wanaotajwa katika maandishi ya Wareno wa karne ya 16.

Chama chenyewe kilikuwa na umri wa miaka miwili. Huey Newton na Bobby Seale walikianzisha Oakland, Oktoba 1966, na shughuli yake ya kwanza ilikuwa kuwafuatilia polisi barabarani, bunduki mkononi na kitabu cha sheria mkononi, waone kama raia Mweusi anakamatwa kwa haki. Wakaongeza uji na mayai ya asubuhi kwa watoto wa shule. J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, aliwaona kuwa hatari kubwa kuliko zote kwa usalama wa ndani wa Marekani. Idara yake ilikuwa na mpango wa siri ulioitwa COINTELPRO, na waraka wake wa Machi 1968 uliagiza bila kuficha kwamba azuiwe yeyote anayeweza kuwa "masiya" wa kuwaunganisha Weusi, na wapiganaji wao waharibiwe sifa. Hapa naomba msomaji anipe subira, maana mtu akisikia "njama ya serikali" hutabasamu. Waraka huu upo. Machi 1971 wanaharakati walivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakabeba majalada na kuwapelekea waandishi wa habari, na miaka minne baadaye kamati ya Seneti chini ya Frank Church ikaanza kuyapekua mengine yaliyobaki.

Kilichofanyika Los Angeles kinamgusa mtu wa Kiswahili kwa namna ya ajabu. Panther walikuwa na wapinzani, kikundi kilichoitwa US, na kiongozi wake ni yuleyule Maulana Karenga aliyebuni sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuwafundisha vijana wa California kusema umoja, ujima na ujamaa. Kundi moja lilishika utamaduni, jingine likashika bunduki na siasa za kitabaka, na yangeweza kubishana tu mpaka yakachoka. FBI ikaingia kati. Ikachora katuni za kejeli na kuandika barua za uongo, hili likadhani limetukanwa na lile. Tarehe 17 Januari 1969, Bunchy Carter na mwenzake John Huggins wakapigwa risasi na wafuasi wa US ndani ya jengo la chuo. Carter alikuwa ameacha kanda aliyojirekodi, akisema akifa nafasi yake ashike Geronimo. Kijana wa miaka 21 akawa mkuu wa tawi, na jina lake likaingia kwenye orodha ya watu wa kushughulikiwa.

Alifanya alichofundishwa na jeshi: akajenga handaki. Ofisi ya Panther kwenye kona ya Mtaa wa 41 na Central Avenue ilijazwa mifuko ya mchanga kuta zote. Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 1969, siku nne tu baada ya polisi wa Chicago kumuua Fred Hampton kitandani kwake, mamia ya polisi waliizingira ofisi hiyo, wakiwa na kikosi kipya kilichoitwa SWAT. Risasi zililia kwa zaidi ya saa nne, maelfu kwa maelfu. Waliokuwa ndani wakatoka hai wote, mchanga ukiwa umemeza sehemu kubwa ya risasi. Pratt hakuwa pale. Alikuwa nyumbani kwake, ambako polisi walivamia saa ileile na kupiga risasi dirishani, usawa wa kitanda. Kitandani hapakuwa na mtu. Kwa ajili ya ule mgongo wa Vietnam, alikuwa na mazoea ya kulala sakafuni.

Walioshindwa kumpata kwa risasi wakabaki na bahasha.

Mauaji ya Santa Monica yalikuwa yametokea mwaka mmoja nyuma, jioni ya 18 Desemba 1968. Mume na mke walikuwa wanajiandaa kucheza tenisi. Vijana wawili Weusi wakawaendea, wakawaamuru walale chini, wakachukua dola 18, kisha wakawapiga risasi. Mke alikufa, mume akapona. Ni jambo la kinyama, na lisimezwe na hadithi ya aliyesingiziwa: mwanamke wa miaka 27 aliuawa kwa dola 18, na kwa kuwa polisi waliridhika na mtu waliyemtaka, wauaji hawakupatikana mpaka leo.

Pratt alikamatwa Dallas, Texas, Desemba 1970. Akiwa mahabusu, chama kikapasuka vipande viwili, Huey Newton upande huu na Eldridge Cleaver, aliyekuwa uhamishoni Algeria, upande ule. Pratt alihesabiwa mtu wa Cleaver, akafukuzwa. Mpasuko huo nao ulikuwa umekolezwa kwa barua bandia za FBI. Novemba 1971 mke wake, mwenye mimba kubwa, aliuawa na mwili wake kutupwa kando ya barabara kuu. Mume alikuwa jela. Hakuweza hata kumzika.

Mpasuko huo ndio uliomponza mahakamani. Utetezi wake ulikuwa mwepesi kueleza: jioni ya mauaji alikuwa Oakland kwenye kikao cha viongozi wa chama, yapata kilomita 600 kutoka Santa Monica. Waliokaa naye kikaoni walikuwepo, ila wengi wao walikuwa upande wa Newton, na Newton alikuwa ameagiza asisaidiwe. Kathleen Cleaver, mke wa Eldridge, alisafiri kuja kumtetea. Waliobaki wakanyamaza, na baadhi yao walikuja kukiri baada ya miaka mingi kuwa walimwona Oakland wakati ule. Siasa za chama zina ukatili wake, nao hauhitaji FBI kuanza. FBI iliupalilia tu.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1972. Wakili wa utetezi alikuwa kijana aliyeitwa Johnnie Cochran. Upande wa mashtaka ulileta bastola iliyokamatwa kwenye nyumba waliyofikia Panther. Mtutu wake haukulingana na risasi za mauaji, lakini Butler akapanda kizimbani na kueleza kwamba Pratt alimwambia ameubadilisha mtutu. Ukaletwa ushahidi wa gari la wazi jekundu na jeupe, ambalo kweli lilikuwa la Pratt, na ambalo nusu ya tawi ilikuwa ikiliendesha. Akaletwa mume wa marehemu, akamnyooshea Pratt kidole. Jambo ambalo halikusemwa mahakamani ni kwamba katika utambuzi wa awali, polisi walipomwonyesha mume huyo watuhumiwa, alikuwa tayari amemtambua mtu mwingine kabisa.

Cochran akamuuliza Butler swali moja la msingi: je, wewe ni mtoa habari wa polisi au wa FBI? Butler akiwa ameapa, akasema hapana.

Katika mahakama za California, watu 12 wa kawaida ndio huamua hatia. Si kama wazee wa baraza wetu, ambao walimshauri jaji naye akawa huru kuwapuuza. Wale 12 walijifungia siku nyingi wakivutana, na Julai 28 wakatoka na neno moja: ana hatia. Kifungo cha maisha.

Miaka minane ya kwanza Pratt aliwekwa peke yake. Mfungwa wa peke yake hafanyi kazi na wenzake, hali nao, hasikii sauti ila ya funguo na ya askari. Alizunguka magereza ya San Quentin, Folsom na mengine. Akiwa bado mfungwa alioa tena, akapata watoto wawili waliokua wakimjua baba kama mtu wa kutembelewa. Huko nje, rafiki yake Afeni Shakur alikuwa amezaa mtoto mwaka 1971, na Geronimo akawa baba wa ubatizo wake. Mtoto huyo ni Tupac. Alikua, akawa rapa maarufu dunia nzima, akauawa Septemba 1996, na baba huyo bado yuko jela.

Bodi ya parole ilimkatalia mara 16. Kila mara sababu zilizunguka palepale. Akubali kosa, aonyeshe majuto. Akasema hawezi kujutia asichokifanya. Mwaka 1987 mwakilishi wa waendesha mashtaka alipinga kutolewa kwake kwa hoja kuwa bado ni mwanamapinduzi na ana wafuasi. Hoja hiyo naipenda kwa ukweli wake. Kwa dakika moja, mtu wa serikali alisahau kuigiza kwamba kesi ilihusu uwanja wa tenisi.

Kilichofuata ni kazi ya kuchosha ya makaratasi. Mwanafunzi wa sheria aliyeitwa Stuart Hanlon aliingia kwenye kesi hii katikati ya miaka ya 1970 akiwa hajapata hata leseni ya uwakili, akaja kukaa nayo zaidi ya miaka 20. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, majalada ya FBI yalianza kutolewa, kurasa nyingi zikiwa zimepakwa wino mweusi, na ndani yake Butler alionekana. Alikuwa amewasiliana na FBI mara zaidi ya 30 kabla ya kesi. Lile swali la kijiweni likawa limepata jibu: yaelekea makachero walijua habari za bahasha kwa sababu mwenye bahasha alikuwa mtu wao. Kisha likaja jambo la pili. FBI ilikuwa inasikiliza simu za ofisi za Panther, kwa hiyo kumbukumbu zake zingeonyesha Pratt alikuwa wapi Desemba 1968. Zilipotafutwa, za wiki hizohizo zikawa zimepotea. Kachero mstaafu Wesley Swearingen, aliyewahi kufanya kazi Los Angeles, alijitokeza kusema kuwa Pratt alibambikiwa, na kwamba wenzake walijua kutokana na simu hizo kuwa mtu huyu alikuwa kaskazini. Amnesty International ikapiga kelele. Mahakama za rufani zikasoma yote hayo na kusema hayatoshi. Utumishi wa Butler kwa FBI, zilisema, haukuwa wa kiwango cha kumwita mtoa habari hasa.

Huyo Butler naye alikuwa ameshasonga mbele. Alisomea sheria akawa wakili, na akapanda hadi kuwa kiongozi wa baraza la wadhamini katika mojawapo ya makanisa makubwa ya Weusi mjini Los Angeles. Mmoja wa wale 12 waliomtia Pratt hatiani, mwanamke wa Kizungu, alipojua mambo waliyofichwa alitangaza hadharani kwamba asingepiga kura ile, akaungana na wanaompigania mfungwa wake mwenyewe.

Kilichoivunja kesi kilikuwa kadi. Mwaka 1996, katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa Los Angeles, ofisi ileile iliyomshtaki Pratt, mtumishi aliyetumwa kupekua kumbukumbu za zamani alivuta mtoto wa kabati la kadi za watoa habari wa siri. Kwenye herufi B akakuta jina: Butler. Kadi ilikuwa humo tangu kabla ya kesi ya 1972. FBI ingeweza kusema haikuwa na wajibu wa kuwaambia wengine. Ofisi hii ilimpandisha mtu kizimbani, ikamsikia akiapa kwamba yeye si shushushu, na jina lake liko kwenye mtoto wa kabati lake yenyewe.

Kesi ilihamishiwa kaunti jirani ya Orange, maana mwendesha mashtaka wa 1972 alikuwa sasa jaji Los Angeles na angehitajika kutoa ushahidi. Mawakili wa Pratt walisikitika. Orange ilikuwa ngome ya wahafidhina, na jaji aliyepangiwa, Everett Dickey, aliteuliwa na Ronald Reagan alipokuwa gavana wa California. Cochran alirudi, safari hii akiwa wakili maarufu kuliko wote Marekani baada ya kesi ya O.J. Simpson. Alikuwa akisema waziwazi kwamba kati ya kesi zote alizowahi kushindwa, hii ndiyo iliyomnyima usingizi. Akamkabili Butler kwa mara ya pili, miaka 25 baada ya ile ya kwanza, mkononi ana nyaraka ambazo mwaka 1972 hakujua kama zipo.

Tarehe 29 Mei 1997 Jaji Dickey alifuta hukumu. Aliandika kwamba Butler alidanganya na kwamba wale 12 walinyimwa habari ambayo ingeweza kubadili uamuzi wao. Tarehe 10 Juni Pratt akatoka kwa dhamana ya dola 25,000. Aliingia ana miaka 23, akatoka anakaribia 50. Moja ya safari zake za kwanza ilikuwa Morgan City, kwa mama yake, ajuza aliyekuwa amevuka miaka 90. Waendesha mashtaka walikata rufani, wakashindwa mwaka 1999, wakaachana na shauri. Mwaka 2000 akalipwa dola milioni 4.5 kumaliza madai yake, milioni 2.75 kutoka jiji la Los Angeles na zilizobaki kutoka serikali kuu. Hakuna aliyeshtakiwa.

Mtu mwenye fedha hizo angeweza kuishi popote. Ukitoka Moshi kwenda Arusha, ukiipita njia panda ya uwanja wa ndege, kabla hujafika Usa River, kuna kijiji cha Imbaseni chini ya Mlima Meru. Hapo wameishi Pete O'Neal na mke wake Charlotte, ambaye wanakijiji wanamwita Mama C. O'Neal alikuwa mwanzilishi wa tawi la Panther la Kansas City. Mwaka 1970 alitiwa hatiani kwa kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo, akatoroka kabla ya kuanza kifungo, akapitia Sweden na Algeria, na mwaka 1972, mwaka uleule Pratt alipohukumiwa, akafika Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Amejenga kituo ambamo watoto wa kijiji hujifunza Kiingereza, kompyuta na sanaa bila malipo.

Geronimo alimtembelea, akapapenda, akajenga makazi yake palepale. Nikiwafikiria wanaume hao wawili uani jioni, kila mmoja ana hesabu yake: mmoja alikaa akashikwa, akapoteza miaka 27, akapata hati ya mahakama, mwingine alikimbia, akalima, akafuga, akaona wajukuu wa majirani wakikua, na hakupata hati yoyote. Geronimo alikuwa na pasipoti. Alikwenda Louisiana na kurudi apendavyo. O'Neal, aliyehukumiwa miaka minne tu, hakuweza kukanyaga nchi aliyozaliwa bila kukamatwa uwanjani.

Mwanzoni mwa Juni 2011, shinikizo la damu likiwa limemsumbua kwa siku kadhaa, Geronimo ji Jaga alifariki nyumbani kwake Imbaseni akiwa na miaka 63. Magazeti ya Marekani yalipopiga simu kuuliza, aliyepokea na kuwaeleza ni jirani yake Pete O'Neal, ambaye jalada lake la mwaka 1970 lilikuwa bado wazi.